Sentensi Niliyomwongezea Mshororo

Vijana wa meza ya Kiswahili,

Siku ya kuniaga mlikata keki, mkanipa saa ya ukutani, na meneja akasema nimefanya kazi ya ukalimani miaka ishirini na miwili bila doa. Nilitabasamu kwa sababu simu zilizokuwa zikipiga picha zilikuwa nyingi. Sasa naishi kwa binti yangu huku Al Wukair, hakuna mteja anayenisubiri, na lile neno "bila doa" limenikaa kooni. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi yatakayowafaa. Haya, naandika. Msitegemee nitaeleza nilivyopanda cheo. Vyeo vya ofisi yetu ni viwili, na tofauti yake ni kwamba cha pili kina kiti chenye magurudumu.

Niliingia Doha kama mtumishi wa nyumbani. Kutoka Tanga nilikuja na herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, maana yake nilijua kusoma bila kuelewa ninachosoma. Kiarabu cha kusema nilikipata kwa bibi mzee wa nyumba ile. Macho yake yalikuwa yamefifia, akawa anataka mtu wa kumsimulia kinachopita nje: gari la nani, mgeni gani, mtoto yupi analia na kwa nini. Nilimsimulia miaka sita. Alipofariki, mwanawe, ambaye alikuwa mtu muungwana, akanitafutia nafasi kwenye ofisi ya tafsiri Al Mansoura, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi cherehani na mkahawa wa chai ya karaki. Walikuwa wanahitaji mtu wa Kiswahili. Wenzetu walikuwa wameanza kuja kwa wingi, walinzi, madereva, wasafishaji wa hoteli, na palipo na watu wengi kesi hazikosekani.

Siku ya kwanza nilipokewa na Ustadh Bakri, Msudani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunipa kalamu. Alinipa kiti pembeni ya meza yake, nikakaa kutwa nzima nasikiliza watu wakija na shida zao. Jioni akaniuliza yule mwanamke wa mwisho na mumewe walisema nini. Nikaeleza vizuri, kwa ufupi, nikijiona hodari.

"Mimi sikukuuliza walitaka kusema nini," akaniambia. "Nimekuuliza walisema nini."

Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote, na mlionisikia nikiurudia mezani mjue nimeutoa kwake. Mteja akitukana, tukana. Akinyamaza, nyamaza. Akisema upuuzi, upuuzi uvuke ng'ambo kama ulivyo. Sema "mimi" pale anaposema "mimi", usiseme "anasema kwamba". Daftari la kurasa zilizoshonwa, si la waya, kwa sababu waya hunasa kwenye abaya. Penseli mbili, kwa kuwa kalamu ya wino ina tabia ya kufa mbele ya jaji. Usinywe maji ya familia ya mshtakiwa. Usipande gari lao. Usijue majina ya watoto wao.

Kesi ya kwanza iliyonitoa jasho ilikuwa ya dereva wa Morogoro aliyegonga kibanda cha watu. Mkalimani wa kabla yangu, mtu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alimsikia dereva akisema alikuwa barabarani saa mbili asubuhi, akaiandika kwa Kiarabu saa mbili ile ile, yaani saa nane za usiku kwa hesabu yetu. Bosi wa dereva akauliza mfanyakazi wake alikuwa anatafuta nini mjini watu wakiwa wamelala. Yule bwana alikuwa anawapeleka watoto wa bosi huyo huyo shuleni. Mambo mengi ya kazi yetu ni ya namna hiyo. Saa sita za tofauti zinakaa ndani ya neno moja, na mtu anaweza kulala ndani kwa sababu yake. Baadaye nilimpata mlinzi kutoka Uganda aliyesema amebeba "dawa". Nilimsimamisha nikaomba ruhusa ya jaji nimuulize dawa ipi, na ikatokea ni mizizi ya tumbo aliyofungiwa na mama yake kwenye gazeti. Siku hiyo Ustadh Bakri aliniagizia karaki kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kusifu.

Bakri alirudi kwao, na mimi nikabaki na meza. Nilikuwa nimekaa kwenye meza hiyo miaka kumi na tano ilipokuja kesi ya Mwende. Nitawaeleza yote, kwa sababu kwenye mafunzo nilikuwa nawapa nusu yake.

Mwende Nyamai alikuwa Mkamba wa miaka ishirini na minane, msafishaji wa vyumba hotelini, mwimbaji wa kwaya kule Mesaimeer ambako Wakristo husali Ijumaa. Alikwenda likizo kwao Kenya. Alipokuwa anarudi, mashine ya uwanja wa ndege ikaonyesha kitu chini ya mkoba wake wa turubai. Walipopasua bitana wakakuta mbegu na makombo ya majani makavu ya bangi, kiasi cha kujaza kiganja. Mkoba haukuwa wake. Begi lake lilikuwa limekatika zipu siku chache kabla ya safari, na baba yake akampa wa kwake. Aliufua kwa mikono yake, akauanika, akampa. Baba na binti walikuwa hawajaongea vizuri kwa miaka, na Mwende aliniambia mahabusu kwamba aliupokea ule mkoba kama mtu anayepokea msamaha. "Nikasema, haya, leo Baba amenikumbuka," alisema. Nilitafsiri hayo kwa wakili, na wakili, ambaye jina lake nitalifanya Hamdi, akaandika neno moja tu: mkoba.

Sasa mjue baba mwenyewe ni nani. Jina lake ni Festo Nyamai, ila vijana wa Nairobi walimwita Mshororo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi. Mdogo wake, Kilonzo, alikamatwa na msokoto mmoja mfukoni, akafungwa, akatoka jela akikohoa damu na hakumaliza mwaka. Festo aliacha kunyoa nywele siku ya mazishi. Shule ikamwambia achague kati ya nywele na darasa. Akachagua. Tangu hapo akawa mtu wa viwanja vya wazi na ngazi za mahakama, anakariri mashairi yasiyo na vina wala mizani, anagawa karatasi, anataka sheria ya bangi ibadilishwe ili watoto wa maskini wasioze jela kwa ajili ya jani. Mwanamke mmoja aitwaye Kamene, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa, ndiye aliyemchapia karatasi hizo miaka yote, na ndiye aliyekuwa naye walipopeleka ombi lao mahakamani huko kwao. Nakumbuka shairi lake moja, kwa sababu mlinzi mmoja wa Al Mansoura alilijua kwa moyo:

Ndugu yangu alikamatwa na jani,
jani lisilo na miguu,
nanyi mkamfunga yeye mwenye miguu
ili jani lisikimbie.

Mjomba wangu wa Tanga, aliyetunga mashairi ya kwenye magazeti, angelitupa dirishani. Mimi lilinikaa.

Aliwahi kukamatwa mara nyingi. Mara moja hakimu wa huko kwao, mtu aliyechoka na siku yake, alimwambia aombe radhi tu aende nyumbani. Mshororo akamsomea shairi. Akakaa ndani miezi minane. Mkewe aliondoka katika miezi hiyo, na Mwende, aliyekuwa na miaka kumi na moja, akalelewa na shangazi mlokole. Alikua akiambiwa kwamba baba yake alipewa nafasi ya kurudi nyumbani kwa neno moja, akakataa. Hilo halikuwa uongo.

Mtu huyo ndiye aliyekuja Doha. Alishuka na kofia ya sufu imefunika nywele, shati jeupe, na bahasha ya picha za mtoto wake. Walinzi wa Kikenya wakamlaza kwenye chumba chao nyuma ya ofisi yetu, godoro chini, watu sita. Alikaa wiki saba kusubiri kesi. Kila asubuhi alipanda ngazi zetu kuuliza kama kuna habari, na kila asubuhi hapakuwa na habari, akakaa kwenye benchi la wateja akisoma matangazo ya ukutani. Siku ya nne nilimpa chai. Siku ya kumi alinipa chupa ya maji nami nikanywa. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimepanda naye gari la kukodi kutoka mahabusu tukizungumza habari za binti zetu. Ustadh Bakri angekuwepo angenitoa kwenye kesi ile kwa sikio.

Hakuwa mtu wa makelele kama nilivyodhani. Aliongea polepole na alisikiliza. Aliniambia yeye mwenyewe havuti bangi sana, inamkohoza. Majani aliyokuwa akibeba kwenye ule mkoba yalikuwa ya kuonyesha waandishi wa habari: "Huwa nayainua juu nawauliza, huyu ndiye mnayemwogopa?" Aliufua mkoba mara mbili, akakung'uta, hakujua kuhusu tundu kwenye bitana. Alisema hayo mara nyingi, kama mtu anayepitia hesabu anayojua imekataa.

Hamdi alimweleza wazi kwamba anahitajika kama shahidi, aseme mkoba ni wake na binti hakujua. Akamwonya pia kwamba upande wa mashtaka umemwona mtandaoni akiwa na majani mkononi, na hoja yao itakuwa kwamba mtoto wa nyumba kama hiyo hawezi kusema hakujua. "Wakikuuliza kuhusu mambo yako, sema unajuta," Hamdi akasema, nami nikatafsiri. "Jaji naye ni mzazi."

Mshororo aligeuza-geuza bahasha yake ya picha, macho yakiwa mbali. Kisha akasema atasema kweli. Hamdi akaniuliza hiyo ni ndiyo au hapana. Nikamwambia amesema atasema kweli.

Siku ya kesi niliapishwa kama kawaida. Majaji walikuwa watatu. Mwende alikuwa nyuma ya uzio, hatua nne kutoka kwetu, amekonda, kichwa amekifunga kitambaa cha kijivu. Hakumtazama baba yake. Mshororo alivua kofia mlangoni, nywele zikamwagika mpaka kiunoni, na askari mmoja akamtazama mwenzake. Aliulizwa mkoba ni wa nani. Akasema, "Ni wangu." Majani? "Yangu." Binti alijua? "Hakujua lolote. Mimi mwenyewe sikujua yamebaki." Yote hayo niliyavusha neno kwa neno, na sauti yangu ilikuwa imara.

Ndipo mwendesha mashtaka akasimama, akasema aliyotarajiwa kusema. Jaji wa katikati, mzee mwenye sauti ya chini, akamgeukia shahidi. Aliuliza kama bado anayashikilia hayo anayoyahubiri kwao kuhusu mmea huu.

Nilitafsiri swali. Mshororo alimtazama Mwende. Kwa mara ya kwanza naye Mwende akamtazama.

"Nimemkosea mwanangu," akasema. Kisha akaongeza, "Hilo ndilo nililo nalo hapa."

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilimwona Mwende ameshika uzio kwa mikono miwili. Nilimwona Hamdi akiniangalia, si shahidi. Nilimfikiria binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Haikuchukua pumzi moja. Nikasema kwa Kiarabu, kwa nafsi ya kwanza kama tunavyofundishwa: Nimemkosea binti yangu, na nilikosea katika niliyoyahubiri, na ninatubu.

Mzee yule akaitikia kwa kichwa, karani akaandika.

Mshororo hakujua Kiarabu, ila mshairi ni mtu wa kupima urefu. Tulipotoka kwenye ukumbi aliniambia, "Dadangu, Kiarabu kina maneno mengi." Nikamjibu kwamba ndiyo, ni lugha ndefu. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuja kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Hukumu ilitoka wiki tatu baadaye. Mwende aliachiwa. Nilishangilia moyoni, nikajiambia nimeokoa mtu. Kisha hati ya hukumu ikaja mezani kwangu. Niliisoma yote. Mahakama ilisema kiasi kilikuwa makombo na mbegu kavu, kwamba yalikuwa chini ya bitana pasipoonekana, kwamba mtaalamu wa maabara alisema ni ya zamani, na kwamba shahidi amekiri mkoba ni wake. Basi. Nikaisoma tena nikitafuta ile toba. Haikuwepo. Kuhusu niliyomwongezea hakuna aliyejali, si jaji, si mtu. Mwende angetoka vile vile kama ningenyamaza pale alipomalizia baba yake.

Alikuwa amekaa ndani miezi mitano. Hoteli ilikwisha kumwajiri mwingine, akarudishwa kwao. Kabla ya kuondoka aliomba kumbukumbu ya kesi iandikwe kwa Kiswahili, apeleke kanisani kwao na kwa shangazi, watu waone hana hatia. Kazi ikaja kwenye meza ya Kiswahili, na meza ilikuwa mimi. Kila hati yetu ilikuwa inalinganishwa na ya Kiarabu kabla ya kutoka, nanyi mnajua hilo. Kwa hiyo nilikaa pale, nikayachukua maneno yangu mwenyewe ya Kiarabu nikayarudisha kwenye Kiswahili, nikamwekea mdomoni mwalimu wa Kiswahili sentensi ambayo hakuisema: "Nilikosea katika niliyoyahubiri, na ninatubu." Nikapiga muhuri. Tafsiri ile ilikuwa sahihi kabisa. Hakuna kosa hata moja la sarufi.

Mmoja wa ndugu aliipiga picha akaiweka kwenye kundi la ukoo. Kutoka hapo ikaenda ilikokwenda. Magazeti ya simuni yakaandika kwamba Mshororo ametubu mbele ya Waarabu. Lile ombi lao lilipofika kusikilizwa, upande wa pili ulisoma karatasi yangu. Sijui kama lilikataliwa kwa sababu hiyo, nadhani lingekataliwa tu, lakini wenzake walihitaji mtu wa kumlaumu na alikuwa karibu. Vijana waliojua mashairi yake kwa moyo wakamzomea kwenye uwanja aliouzoea. Kamene akamfungia mlango wa kiwanda.

Mshororo alinipigia mchana mmoja wa Jumatatu. Nilikuwa na mteja, nikatoka kwenye ngazi.

"Bi Rukia," akasema, si dadangu tena. "Hii karatasi ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Nilisema hivi?"

Nilimwambia hapana. Sijui kwa nini siku hiyo sikuweza kuongopa.

Aliuliza ni nini kilichonifanya niongeze. Nikaeleza, na maelezo yangu yalisikika kama ya mteja mbaya. Hakupandisha sauti. Alisema aliwahi kukaa ndani miezi minane ili asiseme neno lile, mke akaondoka na mtoto akamkosa, na hilo ndilo jambo pekee maishani ambalo alikuwa na hakika nalo kwamba amelilipia mwenyewe. Kisha akaniomba niandike barua fupi, nieleze alichosema. Mistari miwili tu, akasema.

Nilikwenda kwa Hamdi. Hamdi akafunga mlango. Akaniuliza kama najua adhabu ya mkalimani aliyeapa kisha akapotosha ushahidi, na kama nataka kesi ya yule binti ichokonolewe upya. Akaniuliza kama binti yangu amemaliza masomo. Nilirudi ofisini nikampigia Mshororo, nikamwambia barua inaweza kumrudisha Mwende matatani. Nilitanguliza hatari ya Mwende, na yangu sikuitaja kabisa.

"Basi iache," akasema. Hakunipigia tena.

Katika miaka iliyofuata nyinyi mkaja, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimkalisha kwenye kiti bila kalamu nikamuuliza jioni watu walisema nini. Mliniogopa kwa ukali wangu. Mlidhani ni ukali wa mtu anayejua. Nilisikia kwa yule mlinzi aliyejua shairi lake kwamba Mshororo amenyoa, anauza vitabu vya shule vilivyotumika kando ya barabara, na ukimwomba shairi anakuuliza mtoto wako yuko darasa la ngapi. Kila mara nilipopata habari yake nilikuwa na sababu ya kutoandika: kwanza leseni, kisha ada ya binti, kisha nikajiambia yamepita. Hakuna lililonizuia mwaka jana, wala mwaka juzi. Nilikuwa nimezoea tu.

Wiki tatu baada ya keki yenu, Mwende alinipigia. Alikuwa amepata namba yangu ofisini. Sauti yake ilikuwa imekomaa. Aliniambia baba yake amefariki, ni kisukari, na kwamba wamemzika nyumbani Ukambani kwa heshima zote za kanisa. Mchungaji alikuwa na wasiwasi kumzika, kwa mambo yake ya zamani, mpaka Mwende akatoa ile karatasi. Ikasomwa kaburini. Kamene na wazee wachache wa siku zile walikuwa wamekuja na nywele zao, na iliposomwa wakageuka wakaondoka kabla ya udongo.

"Nimekupigia kukushukuru, Anti," akasema. "Ile karatasi ndiyo iliyonirudishia Baba. Nilimsamehe kwa sababu yake. Miaka yake ya mwisho nilikuwa nampelekea chakula kila Jumapili."

Nilikuwa nimesimama jikoni kwa binti yangu. Nikamwambia kuna jambo ninalopaswa kumweleza. Nikamwambia baba yake hakutubu. Alisema amemkosea mwanawe, akaishia hapo, na yaliyobaki ni yangu.

Nilimsikia upande wa pili akifunga mlango.

"Najua," akasema. "Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Kiswahili nakielewa."

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia baba yake kwamba anajua.

"Hapana. Nilikuwa nimemngoja aseme lile neno tangu niko na miaka kumi na moja. Hakulisema, wewe ukaliandika. Nikaamua kuamini karatasi." Kisha akasema, taratibu, "Sasa usiniondolee, Anti. Amekufa. Hakuna anayeumia."

Nilimwambia nitafikiri. Hayo ndiyo maneno aliyosema baba yake kwa macho Hamdi alipomtaka ajute, lakini yeye alifikiri kweli. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua, nilikuwa natafuta tu namna ya kukata simu bila kumsikia akilia.

Siku mbili baadaye niliandika barua. Nilimpelekea Hamdi nakala ili ajue, na akanijibu kwamba mimi ni mpumbavu na niwe tayari kuitwa. Bado sijaitwa. Nikiitwa nitakwenda na nitajibu, na mmoja wenu huenda akaambiwa akae pembeni kuandika. Niliweka aliyoyasema Mshororo mahakamani yote, kuanzia mkoba mpaka mwisho, kisha nikaandika ni sentensi ipi si yake na aliyeiongeza ni nani. Ilikuwa mistari kumi na minne. Yeye aliniomba miwili.

Nilimtumia Kamene, ambaye namba yake nilipewa na yule mlinzi, na dakika ile ile nikamtumia Mwende, asije akaipata kwa watu. Kamene alijibu siku hiyo hiyo kwamba ataichapa karatasi elfu na kuigawa mahali Festo alipokuwa anasimama. Hakuniambia asante, wala sikuitarajia.

Mwende alisoma. Niliona alama zile mbili za buluu. Kisha picha yake ikatoweka, na simu yangu sasa haimfikii.